Msuli wa zimamoto kabla ya NECTA: unamsaidia nani hasa?

Ikifika mwezi wa nne kila mwaka ubishi ni ule ule: zimamoto, yaani kukesha unasoma wiki za mwisho kabla ya mtihani, inasaidia au haisaidii? Madogo wa kidato cha sita wanakaribia kuingia kwenye pepa la NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, mwezi wa tano, na watu wazima wanagawanyika pande mbili. Kuna wanaosema asiyesoma miaka miwili haokolewi na wiki tatu, aache kujitesa akalale. Na kuna wanaosema sisi tulitoboa kwa zimamoto, past pepa na chai ya rangi mpaka kunakucha, na leo digrii tunazo. Mi naona wote wanaongea kama vile watahiniwa wote ni mtu mmoja, ndo maana ubishi hauishi.

Tuanze na hesabu maana wengi wanairuka. Gredi za kidato cha sita zinakwenda kwa ngazi: 80 na kuendelea A, 70 B, 60 C, 50 D, 40 E, 35 S, chini ya hapo F. Wakati wa kuomba chuo A inahesabiwa pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu, na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kiwango chao cha chini cha kuomba digrii ni masomo mawili ya tahasusi (kombi ya masomo unayochukua) yenye jumla ya pointi 4, yaani D mbili zinakuingiza kwenye foleni. Sasa angalia kinachotokea. Dogo mwenye 62 akikesha akaongeza maksi sita bado ni C ile ile, usingizi umepotea bure, lakini mwenye 47 akiongeza tatu tu katoka E kaingia D. Na kwa mtu wa PCB anayetaka udaktari hizo maksi tatu ni kila kitu, kwa sababu wanataka angalau D kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, jumla pointi 6, ukiwa na E ya Fizikia hata fomu ya kozi hiyo haikuhusu. (Kuomba nako ni kuomba tu, kuchaguliwa Muhimbili ni habari nyingine kabisa, ile 6 ni mlangoni, ndani watu wanagombania kwa pointi za juu zaidi.)

Kwa hiyo huyu wa mpakani ukimwambia zimamoto haina maana unamdanganya. Ina maana, tena sana. Swali ni maksi tatu anazitoa wapi. Na hapa ndo nawaunga mkono watu wa zimamoto kwa sehemu, kwa sababu kuna maksi zinazopatikana kwa kuchelewa: praktiko, mtu anasahau kuandika yunti, grafu haina kichwa wala skeli, taitresheni kajaza jedwali nusu. Insha za Historia, mtu anajua vitu lakini kamwaga pointi tatu kurasa nne wakati swali lilitaka sita. Muda nao, pepa la masaa matatu mtu anakula saa nzima kwenye swali la kwanza kwa sababu analipenda, la mwisho anaandika kwa mshazari huku msimamizi anasema kalamu chini. Haya yote unayarekebisha kwa wiki mbili tatu ukikaa na past pepa na saa mezani, na mara nyingi mwenye nayo ni yule ambaye tayari anajua kitu ila hajui kukitoa.

Ila sasa wengi zimamoto yao sio hiyo. Zimamoto ya kitaa ni kulala na madesa, yaani notsi, unasoma unarudia unarudia mpaka unaona kama umeelewa. Kuna utafiti wa Roediger na Karpicke wa 2006, Marekani, walichukua wanafunzi wa chuo wakawapa vifungu vya kusoma, kundi moja likarudia kusoma, lingine likafunika karatasi na kujaribu kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakapinduka, waliojipima wakabaki na 56 na waliorudia kusoma 42. Ukiisoma hiyo vizuri unaona pande zote mbili za ubishi zina cha kusema, kurudia desa kunafanya kazi kweli kama pepa ni dakika tano zijazo, na ndo sababu watu wanaamini, wanajisikia wameshika. Lakini NECTA inachukua zaidi ya wiki mbili, kuna pepa la kwanza, la pili, praktiko, na ulichokipakia usiku wa Jumapili unakihitaji tena wiki inayofuata kikiwa kimeshayeyuka.

Halafu kombi nazo sio sawa, hili watu hawalisemi. Wa HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) au HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) akikazana mwezi mmoja kwenye topiki za Historia anaweza kuzibeba kadhaa maana nyingi kila moja inasimama peke yake. Wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) hana hiyo bahati, hufanyi integresheni kama difarensiesheni hujaielewa, na huwezi kukariri Advansi, yaani Hisabati ya juu, usiku mmoja hata ukinywa kahawa debe. Huyo ushauri wa "mi nilitoboa" kutoka kwa kaka yake aliyesoma HKL unampoteza kabisa.

Kuhusu kuotea topiki sitaki hata kubishana sana. "Hii ilitoka mwaka jana haiwezi kurudi" ni kamari, na anayekuuzia "pepa lenyewe" kwenye simu ama anakuibia hela ama anakupeleka kufutiwa matokeo, hakuna la tatu.

Pamoja na yote haya kuna kitu upande wa "ungesoma mapema" hawakitazami. Kuna shule dogo kaingia kidato cha tano mwalimu wa Fizikia hayupo, kaja mwalimu wa kujitolea miezi michache kaondoka, silabasi imekuja kukimbizwa mwezi wa tatu kwenye kambi. Huyo unamwambia angesoma mapema asome nini? Na wale watahiniwa wa kujitegemea, mtu anarudia pepa huku anauza duka au anafanya zamu za usiku, kwake mwezi wa mwisho ndo likizo pekee aliyoweza kuiomba. Hawa wamewekwa kwenye zimamoto na mazingira, na kwao ningeshauri tofauti kabisa na mtoto wa shule yenye kila kitu: achukue matokeo ya moku, ule mtihani wa majaribio, aangalie somo gani liko chini kidogo ya ngazi, 37, 48, 57, aweke nguvu yote hapo, na lile lenye 22 aliache lilivyo hata kama roho inamuuma. Mwalimu wa lile somo hatapenda kusikia hivi, najua, ila mwalimu haombi chuo mwezi wa saba.