Bima Inasema Mwanangu "Haonyeshi Maendeleo"

Kampuni ya bima tuliyo nayo kupitia kazini kwa mume wangu ilipoacha kulipia mazoezi tiba ya binti yetu, sababu zilikuja kwa zamu. Dirishani hospitalini tuliambiwa mfumo umekataa. Kwenye simu kijana mmoja mpole akasema, "Samahani mama, hilo ni tatizo la kuzaliwa nalo, halimo kwenye mkataba." Tulipong'ang'ania jibu la maandishi, barua ikaja na jambo jingine kabisa: mtoto ametibiwa muda mrefu na "haonyeshi maendeleo ya kuridhisha."

Ugomvi wangu mkubwa ni na hiyo ya barua, kwa kuwa ndiyo inayosikika kama ya kitaalamu. Ila hizo mbili za mwanzo nazo zisipite hivi hivi.

"Mfumo umekataa" si sababu. Mfumo hauna maoni; kuna mtu aliyekaa mahali akaamua, kompyuta inafikisha salamu tu. Dada wa dirishani simlaumu. Anaona maandishi kwenye skrini, foleni imejaa, hana la kukueleza. Tatizo ni kwamba hapa Tabora wazazi wengi huishia hapo hapo. Mtoto anarudishwa mgongoni, bajaji ya kurudi Isevya au Ipuli, basi. Kule makao makuu hakuna hata karatasi moja inayoonyesha kuwa kuna mzazi alikataliwa, na neno la mdomo huwezi kulikatia rufaa. Omba barua. Itaje kifungu cha mkataba, itaje tarehe na cheo cha aliyeamua. Sababu ikishatakiwa iwekewe sahihi ya mtu, hubadilika haraka sana. Sisi tumeliona hilo kwa macho.

La pili, "kuzaliwa nalo." Binti yetu ana mtindio wa ubongo, hali inayokakamaza misuli na kumpa mtoto shida ya kukaa, kushika na kutembea. Hali hii hutokana na ubongo kuumia au kutokukua sawasawa, na hilo linaweza kutokea mimba ikiwa bado tumboni, wakati wa uchungu, au baada ya kuzaliwa mtoto akiwa bado mdogo. Wapo waliochelewa kulia kwa kukosa hewa, kama wa kwetu. Wapo waliopata umanjano mkali siku za mwanzo bila kutibiwa mapema. Na wapo waliozaliwa wazima kabisa, wakatambaa, halafu wakapigwa na malaria kali iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa mkoani Tabora wana vimelea vya malaria, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama asilimia 8. Ukiwa na kampuni inayouza bima katika mkoa wa namna hii, halafu kila mtoto mwenye mtindio wa ubongo unamwita wa "kasoro ya kuzaliwa," basi hujasoma faili lake. Umesoma jina la ugonjwa ukafunga.

Sasa hayo maendeleo.

Kipimo hicho kinamfaa mtu aliyeangushwa na bodaboda. Mguu umevunjika, umefungwa hogo, hogo limetolewa, mazoezi ya wiki kadhaa, anatembea, faili linafungwa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hayuko kwenye safari hiyo. Jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki, lakini mwili unakua. Mifupa inarefuka kila mwaka, na misuli iliyokakamaa haiifuati kwa kasi hiyo. Kisigino kinaanza kunyanyuka, mtoto anakanyagia vidole. Magoti yanabaki yamekunjwa. Nyonga, hasa kwa mtoto asiyetembea, inaweza kuhama polepole kutoka mahali pake bila mtu nyumbani kugundua, mpaka siku kumvalisha nguo kunamfanya apige kelele.

Kwa mtoto kama huyo, unyayo unaolala bapa sakafuni mwaka huu kama ulivyolala mwaka jana ni kazi kubwa iliyofanyika. Amerefuka, na bado hajapoteza kitu. Kwenye jedwali la bima hapo panaandikwa sifuri. Mtaalamu wa mazoezi tiba akitazama mguu ule ule anashukuru Mungu. Mimi nilidhani wanaolipia afya wangejua tofauti hiyo kuliko mama wa nyumbani.

Na tuongee fedha, kwa kuwa hapo ndipo penyewe. Mkataba wetu unalipia upasuaji. Misuli ikishafupika kiasi cha kutonyooka, au nyonga ikishachomoka, dawa mara nyingi ni kisu: rufaa kwenda Nkinga kule Igunga, au Bugando Mwanza, kitanda, nusu kaputi, hogo la wiki kadhaa, na baadaye mazoezi yale yale waliyoyakataa. Mazoezi hayazuii upasuaji kwa kila mtoto, hilo tuliambiwa wazi na sikatai. Lakini kuyasimamisha halafu kusubiri viungo vikunjamane ni hesabu ya ajabu hata kwa mtu asiye na huruma.

Kuna jibu jingine ambalo huwa halifiki kwenye barua: "Mama si unaweza kumfanyia mwenyewe nyumbani?" Ndiyo, naweza, na ninamfanyia. Kila asubuhi tuko kwenye mkeka kabla uji haujapoa. Bibi yake naye ana mikono yake na mafuta yake, humwambii kitu. Ila zoezi la mwaka jana silo la mwaka huu. Anayejua msuli upi uvutwe, kwa kiasi gani, na lini ni wakati wa kubadilisha viatu maalumu, ni yule aliyesomea. Kuvuta mguu uliokakamaa kwa nguvu bila kujua kunaumiza mtoto. Wenzetu wa bima wanalijua hilo. Hakuna anayemwambia mgonjwa wa moyo ajipime presha nyumbani na kujiandikia vidonge.

Nikiri upande wao una hoja. Bima ni mfuko wa pamoja, na mfuko unaweza kukauka. Toto Afya Kadi, ile kadi ya watoto ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ya shilingi 50,400 kwa mwaka, ilisitishwa kwa usajili wa mtoto mmoja mmoja mwaka 2023, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba wazazi wengi walikuwa wanakata kadi mtoto akiwa tayari mgonjwa. Machi 2024 tuliona hospitali binafsi zikigoma kuhudumia wanachama wa NHIF kwa sababu ya kitita kipya, yaani orodha mpya ya huduma na bei ambazo mfuko unalipa. Madai ya kughushi nayo yapo. Lakini hoja ya kuingia ukiwa mgonjwa haituhusu. Mwajiri wa mume wangu analipia wafanyakazi wote, wakiwemo vijana ambao hawajawahi kulazwa. Hao ndio wanaombeba mwanangu leo, kama sisi tulivyowabeba wengine miaka ambayo kadi yetu ilikaa droo bila kutumika.

Sijifanyi wakili, lakini Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 25 inataja bima ya afya kwa jina na kukataza ubaguzi ndani yake. Ibara ya 26 inataka utengamao, yaani huduma za kumsaidia mtu apate uwezo na asiupoteze, uanze mapema iwezekanavyo. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Tuliyaweka hayo mwishoni mwa barua ya rufaa, aya fupi tu. Tumepeleka kwanza kwa kampuni yenyewe, kama inavyotakiwa, tukijua kwamba wakikaa kimya kuna TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima nchini, na kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyotajwa katika Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mwenye kadi ya NHIF aanzie ofisi ya mfuko ya mkoa.

Kilichowagusa hasa watu wa kampuni, nionavyo mimi, ni ripoti ya mtaalamu wa mazoezi. Barua ya daktari ilikuwa sahihi ila fupi: mtoto anahitaji kuendelea. Mtaalamu alikaa na kalamu akaandika kifundo cha mguu kinakunjika nyuzi ngapi sasa na kilikunjika ngapi mwaka jana, mtoto anakaa bila kuegemezwa kwa dakika ngapi, anashikaje kijiko, nini kitatokea kwenye viungo tiba ikikatwa, na lengo la miezi sita ijayo ni lipi. Lengo lenyewe halikuwa kutembea. Lilikuwa kukaa mezani muda wa kumaliza mlo. Ukiwaandikia "atatembea," unawapa rula ya kukuchapia baadaye.

Wamerudisha malipo kwa miezi kadhaa, kwa sharti la "tathmini upya." Tathmini hiyo itafanywa kwa kipimo kipi, barua haisemi. Tumeshawauliza kwa maandishi.

Wakati tunasubiri, mume wangu amepeleka kwa afisa utumishi kitu kingine. Bima ya kazini huhuishwa kila mwaka, na mkataba mkuu uko kwa mwajiri, si kwetu sisi wenye kadi. Wiki zile kabla ya kuhuisha ndipo kampuni inapokuwa na adabu, maana inaogopa kumpoteza mteja. Ameomba kifungu cha mazoezi tiba ya watoto kiandikwe upya, na pale penye neno "maendeleo" paongezwe "au kuzuia kupoteza uwezo alionao." Wenzake wawili watatu wenye watoto kama wetu wameweka sahihi, na mmoja asiye na mtoto kabisa. Kama kazini kwenu mnahuisha Januari, barua yenu inatakiwa iwe mezani kwa afisa utumishi Oktoba au Novemba.