Mshale Ulipogusa 105

Pikipiki yangu haina rejeta. Injini inapozwa na upepo, na upepo wenyewe, ukiwa umebanwa na tuktuk pale sokoni Malindi, huuoni. Ndipo nikanunua geji ya joto la oili: kofia yenye uso kama wa saa. Unafungua ile ya kawaida ubavuni mwa injini, unaikaza hii mahali pake. Mshale ukiwa kati ya nyuzi 80 na 110, piga kazi. Ukishapita 130, oili inakuwa nyepesi mno na vyuma vinaanza kulana. Tangu niifunge silali vizuri. Zamani injini ilikuwa ikichemka kivyake, hainihusu.

Bi mkubwa mmoja akanikodi hadi Sabaki. Tukapatana shilingi 100, bei ya hasara, lakini alianza na dua kabla ya kuuliza nauli, ningefanyaje? Gunia lake la mchele nikalifunga nyuma. Yeye akakaa upande, miguu kulia, geji ikawa chini ya macho yake.

Pikipiki ilikuwa imeanikwa juani tangu asubuhi.

"Mwanangu, mbona ishafika arubaini na hata hatujaondoka?"

"Jua hilo, bi mkubwa."

Akanyamaza, lakini si kwa kuridhika.

Kutoka mjini, 70. Tukaiacha lami tukaingia mchangani, gia ya kwanza, gunia linavuta nyuma: 95. Kila nikikaza mkono, nafinywa bega. Mshale ulipogusa 105, yowe: "Simama! Tulipatana mia!"

Nikasimama, injini ikinguruma. Upepo hakuna, kwa hiyo mshale ukazidi kupanda.

"Tumesimama na bado yahesabu! Mwizi we!"

Watu wakajaa. Nikaeleza kwamba lile ni joto la oili. Mzee mmoja akainama, akaitazama geji kwa makini, akaniuliza kwa upole: kama ni joto, mbona limeishia karibu na nauli?

Nikazima injini. Polepole mshale ukalegea: 100, 95, 90. Uso wa bi mkubwa ukachanua.

"Kumbe yarudisha!"

Akatandika leso chini ya mwembe, akaketi.

"Bi mkubwa, nina wateja wananingoja."

"Nami nangoja."

Nikamwambia kwa joto hili la Malindi haitashuka chini ya thelathini hata tukilala hapa.

"Thelathini yanitosha," akasema, akavua viatu.