Wakamata watumwa wa sayari nyingine na wale wa Kageye

Kuna komiki inazunguka sana kwenye simu za madogo huku Mwanza, mimi nimeipata kwa mpwa wangu yuko kidato cha pili. Stori yenyewe ni vijana watatu wana mashine ya kusafiri kwenye wakati, wanatua sayari fulani wanakuta viumbe wa anga wanakamata watu na kuwapakia melini kwenda kuuzwa, basi kuanzia hapo ni mapambano mwanzo mwisho mpaka meli inalipuliwa na mateka wanatoka wanashangilia. Imechorwa vizuri aisee. Kuna picha moja mnunuzi anamfungua mtoto mdomo kwa kidole chenye kucha ndefu anamkagua meno, hiyo nimeitazama muda mrefu kwa sababu hivyo hivyo ndivyo watu walivyokaguliwa sokoni Zanzibar, kwahiyo mchoraji alijua anachora nini.

Tukabishana na mpwa. Mimi nasema kumfanya mkamata watumwa kiumbe wa sayari nyingine ni kukwepa, yeye anasema ndo inavyotakiwa. Hoja yake ni hii: "Mjomba, darasani ukigusa utumwa tu mmoja anasema Waarabu, mwenzie anamjibu mbona husemi Wazungu, inageuka dini, mwalimu anafunga mada. Huyu wa kwenye komiki hana dini wala kabila, wote tunamchukia pamoja." Na kweli ana hoja. Madogo wa msikitini na wa kanisani wanasoma kitu kimoja, wanamhurumia yule mtoto anayefunguliwa mdomo kabla hawajaanza kuulizana wa kwao nani na wa kwetu nani, na huruma ikishaingia hivyo haitoki kirahisi. Kitabu cha historia cha shule hakijawahi kuwafanyia hivyo, kinawapa tarehe na ramani ya misafara basi.

Ila hapo hapo ndipo panaponikera. Hapa kwetu Ziwa Victoria, pwani ya ghuba ya Speke, kuna sehemu inaitwa Kageye. Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu, alipofika pale 1875 na mashua yake alimkuta mfanyabiashara wa kutoka pwani anaitwa Sungoro, kashaweka makazi, anajenga jahazi lake la kufanyia biashara ziwani, ya pembe na ya watu. Miaka miwili baadae, 1877, akauawa Ukerewe kwenye ugomvi na mtemi Lukonge, pamoja na wamisionari wawili Waingereza. Mtu kama huyo hakushuka na chombo chenye taa usiku, alikaa na wenyeji, alijulikana kwa jina. Hata Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, baba yake alioa binti wa mtemi wa Unyanyembe kule Tabora, yaani ni mkwe wa watu, na Tippu Tip mwenyewe kaacha maisha yake kayasimulia kwa Kiswahili, hiki hiki tunachochatia. Halafu kuna njaa, mwaka mvua imegoma mtu anamweka mtoto rehani kwa jirani mwenye akiba apate nafaka, akishindwa kumkomboa ndo basi tena, mtoto anaweza kuishia kwenye msafara.

Sasa rudi kwenye komiki umtafute aliyeuza. Hayupo. Watu wote wanakamatwa kwa wavu kutoka juu, hakuna mtemi aliyepokea nguo na shanga, hakuna mjomba aliyesema mchukue huyu. Hii sio shida ya zamani tu, hata leo binti anayetolewa kijijini kwa ahadi ya kazi nzuri mjini mara nyingi anakuja kuchukuliwa na mtu anayemfahamu mama yake, ndo maana tuna sheria ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008. Dogo aliyezoeshwa kwamba mkamataji ana kucha ndefu na macho manne hatamtambua shangazi mwenye mkoba.

Kwenye ule mlipuko pia sikubaliani, kana kwamba utumwa uliisha siku moja. Mkataba wa kufunga masoko ya watumwa Zanzibar ulisainiwa 1873 lakini misafara ya bara iliendelea, utumwa wenyewe ukaja kukosa nguvu ya sheria kule visiwani 1897, na huku Tanganyika mpaka 1922. Karibu miaka 50. Na katikati hapo watumwa wenyewe walikuwa wanatoroka, kule pwani ya Kenya watoro walijitengenezea makazi yao Fuladoyo, wakati kwenye komiki mateka wanasubiri tu vijana wa mashine waje. Hawana hata majina!

Mpwa anasema ukiweka yote hayo haiwi komiki tena, inakuwa somo. Hapana. Kindred ya Octavia Butler, riwaya ya 1979, ilitolewa kwa michoro 2017 na Damian Duffy na John Jennings, na pale dada mweusi wa California ya 1976 anavutwa kurudi Maryland enzi za utumwa kila mtoto wa bwana shamba anapokuwa hatarini, na inabidi amwokoe kwa sababu huyo mtoto ndiye babu yake wa mbali, akifa kabla ya wakati yeye hazaliwi. Hiyo ndo kazi ya kusafiri kwenye wakati, kukukutanisha na mkamataji ambaye damu yake unayo.

Basi nimemwambia mpwa, maana naye anachora, achore ya kwake aanzie Kageye jahazi linafika, na mmoja wa vijana wa mashine agundue mtemi anayehesabu marobota ya nguo ni wa ukoo wake. Anadai madogo watataka meli ilipuke. Ilipuke, hata ukurasa wa kumi ilipuke, ila kurasa zinazobaki atuonyeshe yule mtemi anamjibu nini mama aliyekuja kumuulizia mwanae.