Nguzo za Namoratunga: nyota za juu au wafu wa chini?

Ukitembea nyika za Turkana magharibi ukakuta mawe marefu yamesimama wima, hakuna nyumba, hakuna kisima, hakuna hata mtu wa kumuuliza, akili inaruka mbali haraka sana. Kalenda ya kale, hekalu, wageni kutoka sayari nyingine, kila mtu na lake. Nguzo za Namoratunga pale Kalokol, karibu na barabara ya Lodwar kwenda Ziwa Turkana kaskazini mwa Kenya, zimepitia yote hayo na mabishano yake bado hayajaisha, kwa hiyo nataka tuyapime pande zote mbili, manake yanamhusu yeyote anayetembea porini na kukutana na mawe asiyoyaelewa.

Nguzo ziko 19, ni za basalti, zimeinama huku na huku. Mawe yenyewe hayakuchongwa na mtu. Lava ya volkano ikipoa hupasuka ikawa mihimili yenye pande pande kama penseli, na ndo mihimili hiyo watu waliibeba wakaja kuisimamisha. Hapo kuna watu wengi wanateleza, wanaona umbo limenyooka vizuri wanasema lazima kuna mkono wa fundi, kumbe hata zile nguzo kubwa za Isimila kule Iringa ni maji na upepo tu vimekula udongo kwa miaka mingi. Umbo peke yake halithibitishi kitu, cha kuangalia ni kama jiwe liko mahali ambapo lisingeweza kufika lenyewe.

Sasa upande wa nyota. Mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwenye jarida la Science kwamba nguzo hizi zimepangwa kuelekea zinakochomoza nyota saba za kalenda ya Waborana, wafugaji wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, zikiwemo kundi dogo la nyota la Kilimia, Orion na Sirius, na kwamba zimesimama tangu kama mwaka 300 kabla ya Kristo. Hoja hii si ya kupuuzwa hata kidogo. Kalenda ya Waborana ipo kweli, iko hai, mwaka wake una miezi 12 na siku 354, na wataalamu wao wanaujua mwezi mpya kwa kuangalia umeandamana na nyota gani. Afu nyota zile saba zilikuwa zinajulikana kabla nguzo hazijapimwa, watafiti hawakuokota nyota yoyote iliyowafaa. Na mimi napenda kwamba kuna mtu alisimama mbele ya dunia akasema wafugaji wa Afrika walikuwa wanasoma anga kwa hesabu, wakati wengi walikuwa bado hawataki kusikia hilo.

Lakini kupenda hoja ni kitu kimoja na hoja kusimama ni kitu kingine.

Tatizo la kwanza ni vipimo. Mwanaakiolojia Robert Soper alienda pale akapima upya, akachapisha mwaka 1982, akaonyesha kwamba basalti ile ina sumaku, yaani dira ukiisogeza karibu na nguzo inaweza kukudanganya, na namba zake hazikulingana na zile za mwanzo. Tatizo la pili ni hesabu ya kawaida tu. Nguzo 19 ukiziunganisha mbili mbili unapata mistari 171, na kila mstari una ncha moja inayoangalia upande wa mashariki, na upande huo wote ni nyuzi 180, kwa hiyo ni karibu mstari mmoja kwa kila nyuzi, hapo ni nyota gani itakayokosa mstari wake? Wapo waliojaribu kuitetea nadharia kwa takwimu, ila takwimu nzuri juu ya vipimo vyenye shaka haziondoi shaka.

Tatizo la tatu kwangu ndo zito kuliko yote, nalo ni tarehe. Ule mwaka 300 haukutoka Kalokol, ulitoka kwenye makaburi ya Lokori, mbali sana kusini, ambako mfupa ulipimwa umri kwa kaboni na watu wakachukulia kwamba sehemu zote mbili zilijengwa na watu wale wale. Baadaye mwanaakiolojia Elisabeth Hildebrand na wenzake walichimba kwenye nguzo za upande wa magharibi wa ziwa, Kalokol ikiwemo, na umri ukarudi nyuma kabisa, karibu miaka 5,000 iliyopita. Na anga halikai pale pale, mhimili wa dunia unayumba polepole, kama nyuzi moja kila miaka 72. Tofauti ya miaka zaidi ya 2,000 inatosha kuhamisha sehemu zinapochomoza nyota nyingi, kwa hiyo mistari iliyokaa sawa kwa mwaka 300 haiwezi tu kubebwa ikapelekwa kwa wajenzi wa zamani zaidi.

Na huko chini kumekutwa nini? Lothagam North, ambayo ni sehemu ya nguzo ya aina hiyo hiyo magharibi mwa ziwa, ripoti ya mwaka 2018 inasema kuna jukwaa la mawe la kama mita 30 na katikati yake wamezikwa watu wasiopungua 580 kwa makadirio, wanaume, wanawake, watoto, karibu kila mmoja na mapambo yake, shanga za mawe ya rangi, meno ya kiboko, mmoja alikuwa na pambo la kichwani la mamia ya meno ya panya wa jangwani. Hakuna dalili ya kaburi la mfalme. Walizika hapo kwa karne kadhaa, walipomaliza wakafunika kwa mawe, nguzo zikasimamishwa juu, nyingine zimetolewa karibu kilomita nzima. Wakati ule ziwa lilikuwa linapungua, malisho yanabadilika, mifugo ni kitu kipya pale. Mimi nikisoma hayo naona watu waliokuwa wanahama hama na wakahitaji sehemu moja isiyohama, na hilo linanigusa kuliko mistari yote 171.

Kuna pia simulizi ya Waturkana wenyewe, kwamba ni watu waliokuwa wanacheza ngoma wakageuzwa mawe. Waturkana walifika eneo hili karne chache tu zilizopita kwa hiyo simulizi haiwezi kutuambia wajenzi walikuwa nani, ila huenda imefanya mahali paheshimike na nguzo zisibebwe kwenda kujengea, na hiyo ni kazi ambayo uzio haujaiweza sehemu nyingi.

Je, makaburi yanafuta nyota? Hapana, mtu anaweza kumzika mama yake akielekeza kaburi panapochomoza Kilimia. Ila kujua nyota hakuhitaji nguzo. Waswahili wana msemo wa zamani, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua", wakulima waliutumia kupanga msimu bila kusimamisha jiwe lolote, na Waborana nao hesabu yao wanaibeba kichwani.

Kwa hiyo ukikuta mawe porini anza na maelezo ya karibu: asili, mifugo, makaburi. Yale mashimo ya kale yanayoitwa ya Sirikwa kwenye nyanda za juu za Kenya yalidhaniwa muda mrefu kuwa nyumba za watu, mpaka mwanaakiolojia Sutton akaonyesha yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Usihamishe jiwe, usipange rundo lako pembeni, piga picha na kitu cha kuonyesha ukubwa, chukua GPS, wape taarifa Makumbusho ya Taifa. Na anayetaka kuirudisha hoja ya nyota pale Kalokol njia iko wazi: apime nguzo bila kutegemea dira ya sumaku, achukue anga la miaka 5,000 iliyopita, ataje nyota zake kabla hajaanza kupima, na aseme mapema ni matokeo gani yatamfanya aiache hoja.