Gari la kesi lisiachwe lioze kituoni

Gari lililokamatwa kwa tuhuma za jinai huegeshwa kituo cha polisi likisubiri kesi iishe, na kesi huchukua miaka. Betri inakufa, matairi yanaoza, vipuri vinanyofolewa kimoja baada ya kingine. Siku ya hukumu, arudishiwe mwenyewe au litaifishwe, kinachokabidhiwa ni chuma chakavu. Kwa hiyo hata serikali inayolitaka gari hilo haipati kitu.

Mahakama ya Juu ya India ililisema hili waziwazi mwaka 2002 katika shauri la Sunderbhai Ambalal Desai: magari yasirundikwe vituoni, hakimu atoe amri mapema na achukue dhamana ya kutosha kwamba gari litaletwa likihitajika. Sheria mpya ya mwenendo wa jinai ya huko, iliyoanza Julai 1, 2024, imeweka na muda. Mahakama ina siku 14 za kuandika maelezo ya mali na kuipiga picha, kisha siku 30 za kuamua iende wapi. Maelezo na picha hizo hutumika kama ushahidi katika kesi.

Upande wa mashtaka una hoja nzito, na si haki kuipuuza. Picha haioneshi kila kitu: damu kwenye kiti, au namba ya chesi iliyochongwa upya, vinahitaji mtaalamu, na mshtakiwa naye ana haki ya kumleta wake. Zaidi ya hapo, lori lililobeba magogo ya wizi linaweza kurudi msituni wiki hiyo hiyo. Ndiyo maana mwaka 2000, katika shauri la K. Krishnan, mahakama hiyo hiyo ya India iliwaonya majaji wasiwe wepesi kuachia magari ya makosa ya misitu.

Lakini je, mwenye gari asiyeshtakiwa kwa lolote? Mwaka 2024, katika Culley dhidi ya Marshall, majaji sita kwa watatu wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua kwamba katiba haimpi haki ya kusikilizwa mapema juu ya gari lake kukaa kizuizini. Inatosha shauri la utaifishaji lisikilizwe kwa wakati. Wamiliki wa magari hayo walikuwa wameyaazimisha tu, mmoja kwa mwanawe. Naona uamuzi huo umemwacha asiye na hatia akibeba gharama ya upelelezi wa kosa la mtu mwingine.

India ilikwenda njia nyingine Januari 2025, katika shauri la Bishwajit Dey. Heroini ilikamatwa kwa abiria wa lori. Mwenye lori hakushtakiwa, na lori ndilo lililomlisha. Mahakama ilikataa kwamba sheria ya dawa za kulevya inaifunga mikono, ikatofautisha mmiliki anayehusika na yule ambaye gari lake limetumiwa bila kujua.

Tofauti hiyo ndiyo ninayoitaka kila mahali, pamoja na dhamana inayobebeka: ukimdai dereva maskini dhamana ya benki yenye thamani ya gari zima, umemnyima kwa mlango wa nyuma. Na gari ambalo kwa kweli haliwezi kurudishwa, kwa mfano lililotengenezewa vyumba vya siri, uchunguzi ukikamilika liuzwe kwa mnada, fedha zitunzwe mahakamani mpaka hukumu.