Siku ya mtihani, nani alikusukuma?

Mtu akiniambia ana mkanda mweusi wa kung-fu, simuulizi aliupata mwaka gani wala chini ya mwalimu yupi. Namuuliza siku ya mtihani nani alimsukuma. Wengi huduwaa kwanza. Kisha hueleza walivyocheza fomu tatu, yaani mifululizo ya miondoko iliyopangwa, mbele ya meza ya watahini, walivyovunja tofali, walivyosimama wakapigwa picha na wazazi. Aliyepambana nao alikuwa mwenzao wa darasani. Ngumi yake ilijulikana itatoka mkono gani na itaishia wapi, naye alianguka pale alipopangiwa kuanguka.

Nauliza hivyo kwa sababu nami nilipita njia hiyo. Nilianza mazoezi nikiwa na miaka 17, katika ukumbi mmoja wa huku pwani, na baada ya miaka minne nilikuwa nimepanda rangi tano. Kila rangi ilikuwa na ada yake, cheti chake na sherehe yake. Mikanda ile niliipenda, nikiikunja na kuihifadhi kama kanzu ya Idi. Siku moja akaja pale ukumbini mtu wa makamo, mcheza mieleka, hajawahi kufunga mkanda wowote maishani mwake, akaomba tujaribiane. Alinishika mikono yote miwili juu kidogo ya viwiko, akaanza kutembea kuja mbele. Hakufanya zaidi ya hapo. Nilirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa ukuta, na katika hatua zile kumi hakuna hata kimoja nilichofundishwa miaka minne kilichonijia mkononi. Akaniachia taratibu, akanishukuru, akaenda zake. Usiku ule sikulala.

Hiyo mikanda yenyewe haikutoka China. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882, ndiye aliyetoa dan, yaani ngazi za umahiri, za kwanza mwaka 1883, na neno hilo aliliazima kutoka kwa wacheza go, ule mchezo wa vijiwe vyeusi na vyeupe juu ya ubao. Karate ikafuata: Funakoshi Gichin alitoa dan zake za kwanza mwaka 1924. Rangi nyingi za mikanda zilishamiri Ulaya miaka ya 1920 na 1930, kwa wanafunzi wa judo waliohitaji kuona kwa macho kwamba wanasonga. Shule za kung-fu za Ulaya na Marekani zikaiga baadaye, nyingine zikatumia mshipi wa kitambaa badala ya mkanda, na ndivyo desturi hiyo ilivyotufikia sisi. Simlaumu aliyeiga. Mtoto wa miaka tisa anahitaji kituo cha karibu cha kukilenga, maana ukimwambia asubiri miaka kumi utampoteza wiki ya pili.

China ya zamani ilikuwa na kipimo kingine, na sisi watu wa pwani tuna bahati ya kukielewa upesi. Ni silsila. Mwanafunzi akishakubaliwa hupiga magoti, humpa mwalimu kikombe cha chai kwa mikono miwili, na jina lake huingia katika ukoo wa fani. Tangu hapo mwalimu ni shifu, neno ambalo likiandikwa kwa namna moja huwa na alama ya baba ndani yake, na waliomtangulia darasani ni kaka zake. Siku mwalimu akiridhika, humruhusu kufundisha. Aliyesoma chuoni akamwona shekhe wake akipewa ijaza, yaani idhini ya kufundisha, na shekhe aliyemfundisha, mtu kwa mtu kurudi nyuma, hana haja ya kuelezwa zaidi. Uzuri wa mpango huu ni kwamba cheo kinakaa kwa mtu anayekujua. Amekuona ukiwa na homa, amekuona ukiwa na hasira, amekuona siku uliyomdhulumu mdogo wako darasani. Hayo hayaingii katika karatasi ya mtahini.

Lakini silsila nayo ina tundu, na nimeliona likimeza watu. Ukoo unathibitisha nani alikufundisha. Kama mikono yako inajua kitu, huo hauna la kusema. Mwalimu wa nne katika mnyororo akiacha kujaribiwa, wa tano hurithi jina, wa sita hurithi picha ya ukutani. Mwezi Aprili 2017, mjini Chengdu, mpiganaji wa kisasa Xu Xiaodong alikutana na Wei Lei aliyejitangaza bingwa wa taiji, ule mtindo wa kung-fu unaojulikana kwa miondoko ya polepole. Haikufika nusu dakika. Watu wengi waliitazama video ile wakahukumu kwamba taiji yote ni uongo. Mimi nilimtazama yule mtu sakafuni nikahisi mgongo wangu umegusa tena ule ukuta. Bila shaka amesimama saa nyingi na kucheza fomu mara nyingi. Swali ni lini mara ya mwisho alishikwa na mtu asiyetaka kumfurahisha.

Sasa niseme habari ya mazoezi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye utajiri.

Neno gongfu, ndilo hilo kung-fu, kwa Wachina halina uhusiano wa lazima na ngumi. Ni umahiri uliopatikana kwa muda na jasho. Mpishi anaweza kuwa nao, seremala vilevile, na mtu wa kuandika khati. Kwa hiyo ukisema umejifunza kung-fu kwa miezi mitatu, umesema maneno yanayogombana. Msingi wake huitwa jibengong, na sehemu kubwa ya msingi huo ni kusimama: mabu, yaani kukaa kana kwamba umempanda farasi, na zhan zhuang, kusimama huku mikono imekumbatia hewa mbele ya kifua kama mtu aliyeshika mtungi mkubwa. Watu wa xingyi, mtindo mwingine wa kung-fu, wana msemo wao wa zamani kwamba santi, mkao wao wa kwanza, hukaliwa miaka mitatu kabla ya kitu kingine.

Mwalimu wangu wa pili, aliyesomea taiji ya mtindo wa Chen huko Henan, China, alinisimamisha miezi sita. Nilifika kila alfajiri. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba. Simama." Siku moja nikakosa subira, nikamuuliza fomu tutaanza lini. Akaitazama miguu yangu kwa muda, akasema, "Magoti yako bado yanapiga kelele, mwanangu. Yakinyamaza tutaanza."

Nilidhani ananijaribu subira tu. Sikujua kwamba kusimama kule kuna kazi yake. Dakika tano za kwanza mapaja yanawaka. Dakika ya kumi unagundua kwamba mabega umeyapandisha karibu na masikio na kwamba meno umeyabana, na hivyo vyote havisaidii kukubeba hata kidogo. Unavishusha kimoja kimoja. Uzito unateremka, unapita nyonga, unafika nyayoni. Wachina wana neno song kwa hali hiyo, na sijapata neno moja la kulitafsiri. Ni kulegea bila kulemaa, kama kamba ya jahazi isiyokazwa lakini isiyoburuzika. Mwili ulio hivyo ukisukumwa, msukumo unapita hadi ardhini badala ya kuishia begani na kukupindua. Magoti nayo yana sheria yake: yasiangukie ndani, yasisokotwe huku yamebeba uzito. Nimeona vijana wakiharibu magoti kwa kushindana nani atakaa chini zaidi, na hakuna mkanda unaorudisha goti.

Ila utajuaje kama hiyo song unayo kweli, au unajidhania tu? Hapo huwezi kujijibu. Lazima mtu akuwekee mkono. Mtindo wa Chen una tuishou, kusukumana mikono: wawili wanagusana mikononi, wanazunguka, kila mmoja anatafuta pale mwenzake alipokakamaa. Watu wa Wing Chun, mtindo mwingine wa kung-fu, wana chi sao, mikono inayonatana. Mazoezi haya hayapo kwa ajili ya maonyesho. Ndiyo kioo chenyewe, na kwa maoni yangu fomu isiyopelekwa kwenye kioo hiki hubaki ngoma nzuri.

Kuna kisa cha Chen Fake, bingwa wa mtindo huo wa Chen, aliyezaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Chenjiagou, Henan, na kufariki mwaka 1957, ambacho wanafunzi wake wamekisimulia. Utotoni alikuwa mgonjwa wa mara kwa mara na mvivu wa mazoezi, na wazee wakasikika wakisema kwamba sifa ya nyumba ile itakwisha naye. Maneno yakamchoma. Alikuwa na binamu yake hodari zaidi, na hesabu ikamsumbua: nikiongeza mazoezi, naye anafanya yake, nitamfikia vipi? Siku moja wanakwenda shambani pamoja, binamu akakumbuka kwamba amesahau kitu nyumbani. Akamwambia, wewe kimbia ukakichukue, mimi nitakwenda polepole unifikie. Chen Fake akakimbia, akarudi, akamfikia. Akasimama pale njiani. Kumbe aliye mbele anafikiwa, mradi anayefuata aongeze mwendo.

Akaanza kurudia fomu mara nyingi kwa siku, wengine husema mara 30 na kuzidi, kimyakimya, kwa karibu miaka mitatu. Hapa wasimulizi wengi huishia, wakasifu bidii. Mimi napenda kinachofuata. Baada ya miaka hiyo hakumwendea baba yake kuomba cheo, wala hakuitangazia familia. Alimwendea binamu yule yule akamwomba wasukumane mikono. Binamu akashindwa, akajaribu tena, akashindwa tena. Bidii yake yote ingeweza kuwa bidii ya kurudia makosa. Mkono wa binamu ndio uliomwambia kwamba haikuwa hivyo.

China yenyewe iliwahi kutaka kulifanya jambo hili kuwa sheria. Mwaka 1928 ilianzishwa Nanjing taasisi kuu ya guoshu, yaani fani ya taifa, na mwezi Oktoba mwaka huo huo ukafanyika mtihani wa nchi nzima. Watahiniwa walionyesha fomu zao kwanza, kisha wakapanda jukwaani kupigana. Kinga zilikuwa haba, na majeraha yakawa mabaya kiasi kwamba mapambano ya mwisho yalisitishwa. Sipendekezi turudi kule. Lakini wale watu walielewa kwamba fomu inafungua mlango wa mtihani, na mtihani wenyewe uko ng'ambo ya mlango huo.

Mfumo wa sasa wa ngazi wa Chama cha Wushu (fani za mapigano) cha China, uitwao duanwei, ulianza kutumika mwaka 1998. Una ngazi tisa: tatu za tai, tatu za chui mkubwa mwenye milia, tatu za joka. Ngazi za juu hutazama pia utafiti na mchango wa mtu katika fani. Nauheshimu, kwa kuwa umewapa walimu wa mitindo tofauti lugha moja ya kuzungumzia viwango, na umelazimisha watu wajue historia na maadili, wude, ya kile wanachokifundisha. Lawama yangu kwake ni ile ile: mtu anaweza kupanda mbali sana kwa kuonyesha, bila kushikwa na mtu mgeni. Nami nasema kama mtu anayefundisha na mwenye mikanda kabatini mpaka leo.

Mzee wa miaka 70 anayecheza ile fomu fupi ya taiji ya miondoko 24, iliyotungwa mwaka 1956 ili wananchi wote waweze, hamuhitaji mtu wa kumsukuma. Anatafuta pumzi, mizani na usingizi mzuri, na anavipata. Maneno yangu ni kwa anayesema anafundisha kupambana, na zaidi kwa anayetoza watoto ada ya cheo.

Wapo watakaoniambia kwamba lengo la fani hizi ni kujenga tabia, kwa hiyo haidhuru mtu akishindwa kusukumana. Nakubali nusu ya kwanza. Lakini ile tabia hujengwa wapi? Unyenyekevu sikuufahamu kwa kuinamiana mwanzo na mwisho wa kipindi. Nilikuwa nikiinama vizuri sana miaka yote minne. Niliufahamu mgongo wangu ulipofika ukutani, na kila Jumamosi tangu hapo mtu anapoupata ukakamavu wangu begani na kunitoa nje ya mstari. Mara mia unaonyeshwa, na mara ya mia na moja unacheka kabla hujakasirika. Hasira huisha kwa njia hiyo, na woga pia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwanafunzi anayelindwa asishindwe mbele ya watu haendi popote, hata akibadilishiwa rangi kila robo mwaka.

Wanafunzi wangu ni 14, tunafanyia mazoezi ufukweni maji yakipwa. Mikanda tumeiacha, isipokuwa kwa watoto, ambao wana rangi tatu tu na hawalipii hata moja. Wakubwa wana mtihani mmoja kwa mwaka. Asubuhi ni kusimama nusu saa na fomu ya kwanza. Mchana wanasukumana na wageni watatu kutoka klabu ya judo ya mtaa wa pili, watu wasiowajua na ambao nimewaomba wasimwonee mtu huruma wala wasimuumize mtu. Hakuna anayefeli; kila mmoja anaandikiwa karatasi yenye mambo mawili, pale alipokakamaa na pale alipobaki amesimama. Mwaka huu mwanafunzi mmoja, fundi cherehani, aliomba nami niandikiwe karatasi yangu kabla ya wote. Nikavua viatu nikaingia mchangani. Karatasi inasema bega la kushoto.