Watu wa Mathare si wavivu
Eti watu wanalala nje Nairobi juu ya pombe na uvivu? Hapana jamani. Mimi nilikuwa Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, 2024, mafuriko ya Aprili yalibeba mabati yetu usiku halafu Mei matingatinga yakaja kumalizia nyumba zilizobaki kando ya mto, serikali ikatuahidi shilingi elfu kumi kila nyumba, sasa ukitoa dipoziti na kodi ya mwezi wa kwanza godoro utanunua na nini? Jirani yangu alilala kanisani na watoto watatu, na huyo mama pombe hajui, saa kumi alfajiri ashafika sokoni Gikomba. Finland tangu 2008 wanampa mtu asiye na makao nyumba kwanza, kazi na matibabu baadaye. Hata sisi tungeonyeshwa pa kuhamia kabla ya kubomolewa, hata chumba kimoja tu.